Mgeni wa Miezi Mitatu

Asubuhi hiyo nilitoka nyumbani kwa dada yangu, Kondele, bila mpango wowote. Sikuwa nikienda kazini wala sikuwa nikitafuta mtu. Nilisukuma komeo polepole ili watoto wasiamke, nikashika njia ya mjini kwa miguu, kama nilivyozoea. Nilikuwa mtu wa kutembea. Kisumu ya mwanzoni mwa miaka ya tisini ungeweza kuivuka yote kabla jua halijawa kali, na mimi nilikuwa nimeivuka mara nyingi kiasi kwamba nilijua mbwa wa duka gani hubweka na wa duka gani hujifanya tu.

Kilichoniamsha mapema ni maneno yangu mwenyewe ya jana yake. Tulikuwa tunakula, dada na watoto wake wawili na mimi. Shemeji hakuwepo, kama kawaida. Mume wa dada yangu alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake ikikaa kwenye baraza la duka moja la vitambaa mjini. Tangu nilipofika kwao alikuwa akija jioni, anaoga, anakula haraka, anawapapasa watoto vichwa, kisha anachukua koti lake na kusema anarudi kazini, kuna yunifomu za shule zinazosubiriwa. Usiku mzima alikuwa huko. Jirani zetu wanawake, wakiwa kwenye foleni ya maji, walikuwa wameanza kumuuliza dada kama mumewe siku hizi anashona yunifomu za nchi nzima. Wengine walisema wazi kwamba fundi ana nyumba nyingine. Na mimi, nikiwa nimeshika tonge, nilimwambia dada yangu, "Mwanamume anayelala nje namna hii ana jambo. Mchunge."

Dada aliniangalia kwa muda. Kisha akasema, "Kula. Samaki wanapoa."

Ule mtazamo ulinilala kifuani hadi asubuhi, na ndiyo maana nilitoka.

Nieleze nilivyofika pale. Niliacha shule darasa la saba. Sikufukuzwa, wala karo haikukosekana. Niliacha kwa sababu dirisha la darasa lilitazama ziwa, na nilitaka kujua zile mashua zilikuwa zikienda wapi. Nilizifuata. Nimepakua dagaa wa omena Mbita, nimeponda barafu Usenge, nimesukuma mikokoteni Homa Bay. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka, na waliponichoka nikahama. Nilikuja Kisumu kwa dada kwa wiki moja. Ile wiki ikawa miezi mitatu.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja. Katikati walikuwa wamening'iniza pazia la maua: upande mmoja kitanda, upande mwingine makochi mawili, jiko na vyombo. Mimi nililala kwenye mkeka upande wa makochi, pamoja na watoto. Kwetu kuna jambo ambalo hakuna anayekukalisha chini kukufundisha, unakua ukilijua. Ndugu wa mke halali ndani ya nyumba ambamo dada yake amelala na mumewe. Shemeji kama huyo ni mtu wa heshima, karibu awe mtu wa kuogopwa. Anakaribishwa, anachinjiwa kuku, halafu jioni anatafutiwa pa kulala kwingine. Mimi nilijiambia kwamba hayo ni ya kijijini, ambako kuna vibanda vya kutosha. Mjini, nilijiambia, pazia ni ukuta.

Basi nilifika mjini jua ndiyo kwanza linachomoza. Maduka yalikuwa yamefungwa bado. Nilipita uchochoro unaotokea kwenye ile barabara ya maduka ya vitambaa, na kabla sijatokeza nilisikia sauti ya askari wa usiku, mzee mmoja mwenye koti kubwa na rungu.

"Fundi, amka. Jua linakuja kukudai kodi."

"Nimeamka, mzee." Ilikuwa sauti ya shemeji yangu.

Nilisimama nyuma ya nguzo. Nilimwona akiinuka kutoka kwenye meza ya kukatia vitambaa. Alikuwa amelala juu ya meza ile, koti lake likiwa shuka, marobota mawili ya vitambaa vya shati yakiwa mto. Alishika kiuno kwa mikono miwili akajinyoosha, na mgongo wake ulilia kiasi cha mimi kuusikia.

Askari alicheka. "Sasa huyo bibi amekufukuza mpaka lini?"

"Bibi hajanifukuza. Niko na mgeni."

"Mgeni gani wa miezi tatu? Hata mvua inakuja na inaenda."

"Ni ndugu ya bibi yangu. Sasa mimi nitalala wapi, mzee? Nilale pale, na yeye ananisikia nikikohoa?"

"Si umwambie aende!"

"Shemeji haambiwi. Anajua mwenyewe."

"Hajui. Angejua angekuwa ameenda."

"Anajua," shemeji alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Alilikunja koti, akapanga marobota mahali pake, akachukua kopo la maji akaenda kunawa uso kando ya mtaro. Mimi nilirudi nyuma hatua kwa hatua, mgongo ukikwaruza ukuta, mpaka nikatokea upande wa pili wa uchochoro.

Alisema kweli. Nilijua. Mimi niliyeuliza jinsi barafu inavyotengenezwa, na kwa nini mashua hupakwa rangi nyekundu chini, na Wahindi wa duka lile la vitambaa walitoka mji gani, sikuwahi hata siku moja kumuuliza shemeji ni shule gani hii inayoshonewa yunifomu mpaka mwezi wa nne, wakati shule zenyewe zimefungwa. Sikuuliza kwa sababu jibu lingeninyang'anya mkeka. Na juu ya hayo nikamsingizia mwanamke wa nje, mbele ya mkewe, nikila samaki wake.

Dada naye alijua mumewe yuko wapi. Angeweza kuwanyamazisha wale wanawake wa foleni kwa neno moja tu: kaka yangu hataki kuondoka. Hakulisema. Aliona heri wamcheke mumewe kuliko wanicheke mimi.

Pale barabarani niliamua kwamba jioni hiyo shemeji atalala kwake. Hilo lilimaanisha nipate chumba kabla jua halijatua, na kiwe mahali ambapo ningeweza kwenda kibaruani kwa miguu, kwa sababu nauli ya kila siku sikuwa nayo.

Nilianzia Manyatta, jirani na Kondele, kwa sababu nilikuwa nimeona imeandikwa kwa chaki kwenye geti: chumba kipo. Mwenye plot, ule ua wa vyumba vya kupanga, alikuwa mzee mstaafu, amekaa kwenye stuli na redio mapajani.

"Uko na bibi?" aliniuliza kabla sijamaliza salamu.

"Bado, mzee."

"Basi hapana. Hapa ni ya watu wa familia. Bachela akiingia mmoja, kesho wako wawili, keshokutwa plot imekuwa stesheni."

"Mimi ni mtu mtulivu."

"Watulivu ndio wabaya. Mwenye kelele namsikia." Alinitazama juu hadi chini. "Sasa unalala wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Ameolewa?"

"Ndiyo."

"Nyumba ya vyumba ngapi?"

"Kimoja."

Mzee alinyoosha kidole akaongeza sauti ya redio, na nikajua mazungumzo yamekwisha.

Nyuma ya soko la Kibuye kulikuwa na vyumba vizuri vya mawe, vyenye taa za stima. Niliviona kwa macho tu. Wakala alitaka kodi ya miezi miwili pamoja na deposit, na alinieleza hivyo akiwa anatazama viatu vyangu. Chumba cha tatu kilikuwa kimejaa maji. Cha nne, mwenyewe alikuwa matangani Siaya. Kufikia saa sita nilikuwa nimezunguka Manyatta yote, nimepita tena sokoni, nimeshuka Nyalenda, ambako nyumba ni za udongo uliopakwa saruji nyembamba na ardhi inaanza kunuka ziwa.

Kwenye njia inayoelekea Dunga nilimkuta mama mmoja wa makamo akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishakata minofu. Wakati huo ndio waliokuwa samaki wetu sisi tusio na kitu. Nilinunua kipande kimoja nikala nimesimama. Nyuma yake kulikuwa na safu ya vyumba sita, na kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe milango mitatu ilikuwa imeegemezwa, milango kamili ya mbao na mabati, yenye namba za chaki. Sikuweza kujizuia.

"Mama, unauza milango?"

"Siuzi. Hizo ziko jela."

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri samaki walicheka.

"Zilifanya nini?"

"Hazikufanya kitu. Wenyewe ndio walikataa kulipa nyumba. Mimi sipigi mtu, siiti polisi. Natoa mlango, naweka hapa. Mtu akilala bila mlango, anakumbuka pesa haraka sana."

"Na asipokumbuka?"

"Anahama na baridi yake. Kama huyu namba nne. Alienda wiki jana." Aligeuza mifupa kwenye mafuta. "Kwani wewe unataka nyumba ama unataka hadithi?"

"Nataka nyumba."

Aliacha kugeuza samaki. Akaniambia masharti bila kupumua: kodi ya mwezi mmoja mkononi, chumba ni changu leo. Deposit nilipe kidogo kidogo. Nitakapoimaliza, ndipo nitapewa mlango.

"Na wezi, Mama?"

"Wewe uko na nini ya kuibiwa?"

Wale wanawake walicheka tena, na safari hii nami nilicheka, ingawa sikupenda.

"Lakini," akasema, "nataka mtu mwenye anakujua. Si rafiki yako wa kuvuta sigara. Mtu wa kwenu, mwenye nyumba yake, asimame hapa niseme na yeye. Hiyo milango ilinifundisha."

Nilisimama na mfupa mkononi. Mtu wa kwetu mwenye nyumba yake, katika Kisumu nzima, alikuwa mmoja tu.

Nilitembea kurudi mjini kwa njia ndefu. Nilipita hata pale ambapo sikuwa na haja ya kupita. Nilijaribu kufikiria mtu mwingine: mwenye mitumba niliyembebea magunia Kibuye, ambaye hakujua hata jina langu, mhubiri wa kanisa la dada, ambaye angeniuliza kwa nini simwoni ibadani. Hatimaye njia ikaisha na nikawa mbele ya baraza.

Shemeji alikuwa ameinama kwenye cherehani, miwani puani, kofia yake imetundikwa kwenye msumari. Meza ya kukatia ilikuwa safi, marobota yamepangwa vizuri. Mwalimu mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri suruali.

"Ora," nilimwita. Ndivyo mashemeji wanavyoitana kwetu.

"Ora! Karibu. Kuna mtu mgonjwa nyumbani?"

"Hapana. Nimepata chumba. Nyalenda." Nilisema nikitazama gurudumu la cherehani. "Mwenye nyumba anataka mtu wa kunisimamia."

Miguu yake iliacha kukanyaga.

"Leo?"

"Ukiweza, leo."

Alikuwa ameshachukua kofia kabla sijafika mwisho wa jibu.

"Fundi," yule mwalimu alilalamika, "na suruali yangu?"

"Suruali haina miguu bila wewe, mwalimu. Itakungoja."

Tulitembea pamoja tukishuka kuelekea Nyalenda. Nilikuwa na maneno tayari. Niliyatunga njia nzima ya kwenda kumwita. Nisamehe, niliona ulipolala. Badala yake nilimsimulia habari ya mlango wangu wa namba nne, ulio jela mpaka nimalize deposit, kisha nikamuuliza kama ni kweli uzi wa nailoni unakata kitambaa. Akanieleza. Nikamuuliza kuhusu bei ya vifungo. Akanieleza. Nilifungua mdomo mara nyingine, na labda aliona kilichokuwa kinakuja, kwa sababu alitangulia.

"Unajua hata zile yunifomu zimeisha. Jana ndiyo ilikuwa mwisho. Sasa sirudi usiku tena."

"Ni bahati nzuri, ora," nilisema.

"Bahati kabisa."

Aliniwekea ule uwongo mkononi kama mtu anayemfunika mwenzake nguo, na mimi nikaupokea. Sikuwa na ujasiri wa kuukataa. Mpaka leo nikikumbuka ile "bahati nzuri" naona uso wangu unawaka.

Mama wa samaki alifuta mikono kwa kanga akamkagua shemeji kuliko alivyonikagua mimi.

"Baba, huyu ni wako?"

"Ni shemeji yangu. Dada yake ndiye bibi yangu."

"Anakaa wapi saa hii?"

Nilitazama chini. Shemeji akajibu, "Alikuwa mgeni wetu."

"Ni mtu mzuri?"

Alirekebisha kofia kichwani. Alikuwa mtu wa kanisa, na nadhani alikuwa akipima ni uwongo kiasi gani mtu anaruhusiwa kwa siku moja.

"Hana fujo," alisema.

"Si hiyo nimeuliza."

"Mama, ni mtu wa kwetu. Akikukosea, nitafute mimi. Mimi ni fundi, kiti changu hakihami."

Hayo yalimtosha. Alininyooshea mkono, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Kwa sababu ili kutoa pesa ilibidi nifungue mkanda na kuingiza vidole kwenye mfuko wa siri ulioshonwa ndani ya kiuno cha suruali yangu, na aliyeushona mfuko huo alikuwa amesimama kando yangu. Nilimwomba anishonee wiki ile ile niliyofika. Alinishonea bure, kwa uzi maradufu, na hakuuliza pesa ni za nini. Zilikuwa za meli ya Mwanza. Nilikuwa nimezificha ili siku moja nitakapochoka na Kisumu niamke niende nikaone upande wa pili wa ziwa. Miezi mitatu alijua kwamba ninazo. Miezi mitatu alilala mezani akijua kwamba mgeni wake amebeba kodi ya chumba kiunoni.

Noti zilikuwa zimekunjika na kulowa jasho. Nilizihesabu nikiwa nimewapa wote wawili mgongo. Nilipogeuka, shemeji alikuwa ametembea hadi kwenye ile milango iliyoegemea ukuta, akiitazama mmoja mmoja, akigusa bawaba, kama mtu aliyekuja kununua.

"Hii ya namba nne ni mbao nzuri," alisema. "Usichelewe kuikomboa."

Mama alitupeleka kwenye chumba. Sakafu ya udongo ilikuwa imefagiliwa, na ukutani mpangaji wa zamani alikuwa ameacha misumari miwili na kalenda ya miaka mingi nyuma. Hapakuwa na kitu kingine. Mwanga uliingia wote, kwa sababu hapakuwa na cha kuuzuia, na kuku wa jirani aliingia pamoja nao. Mtoto aliyepita na ndoo alinisalimia kama mtu aliyenijua tangu zamani. Asingeweza kunipita bila salamu. Nilikuwa kama nimekaa barabarani, tofauti ni kwamba nilikuwa na kuta tatu na nusu.

Shemeji alibaki nje, vidole vya viatu vyake vikiwa pale pale kizingiti kingepaswa kuwa.

"Ingia, ora," nilisema.

"Nitaingia siku nyingine. Siku ukinipikia."

"Nije kuchukua mfuko wangu wa nguo jioni?"

"Usihangaike kurudi leo!" Alisema haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akisema chochote, kisha akatabasamu, akashika ukingo wa kofia. "Utachoka bure. Dada yako ataleta kesho. Pamoja na blanketi."

"Ora," nilianza.

Alingoja. Nadhani alingoja kwa kweli. Kuku alitoka kati ya miguu yangu akapita kando yake.

"Msalimie dada," nilisema. Kama kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisafiri mbali.

"Nitamsalimia."

Alipanda njia kuelekea barabara kubwa. Siku hizo baiskeli za kubeba abiria ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuonekana mjini, na watu wa umri wake walizicheka. Walisema mtu mzima habebwi kama gunia. Nilimwona akisimama kando ya barabara, akitazama huku na huku, kisha akainua mkono. Akapanda nyuma ya baiskeli, magoti nje, mkono mmoja umeshika kofia na mwingine ukimpigapiga kijana mgongoni ili akanyage zaidi. Hawakukata kuelekea mjini. Walinyoosha njia ya Kondele.

Mama wa samaki alikuwa amesimama kando yangu, kijiko cha kukaangia mkononi.

"Huyo baba ana haraka ya wapi?"

"Ya nyumbani kwake, Mama," nilisema, nikaingia ndani kutafuta upande ambao upepo hautafika.